Aliyeitika Ukunguni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake, hata pale ninapoamka nimesahau nilichokula jana. Ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa na majani ya mgomba yaliyokatwa asubuhi. Siku hiyo nilimsikia mtu akiitika msituni, juu ya shamba la shangazi yangu, na sina hakika kama alikuwa mtu. Nimefundisha fasihi maisha yangu yote, nimestaafu, nimejenga hapa Elerai, Arusha, nimezeeka vizuri, namshukuru Mungu. Lakini ukiniuliza nilisikia nini siku ile, bado nitakujibu kwamba sijui.

Nakusimulia kwa sababu wiki iliyopita ulinipigia simu ukaniambia umechagua kozi ya fasihi ya kale ya dunia, visasili, mashujaa na tanzia. Ulicheka ukasema, "Mama mkubwa, hizo ni hadithi tu za watu waliokufa zamani. Nitafaulu." Sikukujibu kwenye simu. Kuna majibu yanayohitaji mtu akae chini kwanza.

Kozi hiyo niliisoma nilipokuwa na umri kama wako, katika chuo kimoja upande wa Usa River. Aliyetufundisha ni Mwalimu Lomayani, Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Vitabu vilikuwa vichache, basi alikuwa akitusomea mwenyewe kwa Kiingereza, kisha anafunika kitabu na kutusimulia upya kwa Kiswahili. Alitupitisha nchi baada ya nchi: watu walioandika juu ya udongo mbichi, watu walioimba habari za vita kwenye karamu, watu walioigiza mateso ya wafalme mbele ya mji mzima. Kila tulikokwenda tulimkuta mtu yule yule. Ana nguvu kuliko wenzake, amekwisha kuonywa, na anakwenda.

"Mtu mbaya akianguka tunashangilia," Mwalimu alituambia. "Hiyo haijawa tanzia. Tanzia ni mtu mwema anayeangushwa na jambo lile lile lililotufanya tumpende."

Niliandika maneno hayo nikaona nimeelewa. Mwenzangu aliyekaa karibu na dirisha hakuandika kitu. Alikuwa akimtazama Mwalimu kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Huyo ndiye Heriel. Wazazi wake walitoka Kilimanjaro wakahamia Arusha kwa biashara. Baba yake alifariki mapema, na mama yake aliwalea yeye na mdogo wake kwa duka la vitenge, wakaishi Sombetini, kwenye nyumba waliyoijenga chumba kwa chumba kadiri mapato yalivyoruhusu. Mdogo wake aliitwa Onesmo. Mwaka mmoja kabla hatujaanza kozi ile, Onesmo alipata kibarua cha kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Meru. Wakati wa kushuka, mgeni mmoja akakumbuka kwamba mkoba wake umebaki kwenye jiwe walipopumzika. Onesmo akasema, "Naurudia, ni hapo tu." Ukungu ukashuka. Wenzake walimsubiri, wakaita, wakarudi nyuma kumtafuta. Askari wa hifadhi wakazunguka msitu mzima kwa siku nyingi. Hawakupata mkoba wala kijana.

Mwili usipopatikana, mwanangu, msiba hauna mahali pa kukaa. Wazee wa ukoo wakashauri wafanye kama walivyofanya wazee wao: uchimbwe mgomba, ukatwe kwa urefu wa marehemu, ufungwe shuka na kuwekwa kwenye sanduku, uzikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Kilimanjaro. Mchungaji hakuridhika sana, lakini alikuja akaomba. Heriel alishika pembe moja ya sanduku.

"Lilikuwa zito, Eliatosha," aliniambia siku moja tukitoka maktaba. Hakuwa amewahi kuniambia chochote kuhusu msiba ule. "Uzito wa mtu kabisa. Mimi nilitaka liwe jepesi, ili nijue kwamba tunadanganyana."

Nikamwambia pole, akaitikia, akabadilisha mazungumzo.

Tulipofika kwenye visasili vya watu wanaowafuata wafu wao, Heriel alichangamka kwa namna iliyonitisha kidogo. Mataifa mengi ya kale yanazo hadithi hizo. Kuna anayeshuka chini ya ardhi, anayevuka mto mweusi, anayepita mlango kwenye mwamba ambao walio hai hawauoni. Darasa zima tuliuliza maswali ya kawaida: shujaa anawakilisha nini, safari ni ishara ya nini. Heriel aliuliza ulimwengu wote wa kale, watu ambao hawakuwahi kuonana, ungewezaje kubuni mlango mmoja kama mlango wenyewe haupo. Wengine walicheka. Mwalimu Lomayani hakucheka. Alimwambia, "Heriel, ukimaliza kipindi uje ofisini." Sikujua walizungumza nini huko, lakini alitoka haraka kuliko alivyoingia.

Baadaye Mwalimu alitupa kazi ya wawili wawili. Kila jozi iende kwa wazee, ipate hadithi ya shujaa inayosimuliwa nyumbani, iilinganishe na zile za kale, halafu iiwasilishe darasani. Nilimchagua Heriel kwa sababu alikuwa na akili, na kwa sababu nilikuwa na shangazi.

Shangazi Miriamu, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa na shamba la kahawa na migomba juu kabisa kwenye mlima huo huo wa Meru, mahali mashamba yanapokwisha na msitu unaanza. Mume wake alikuwa amefariki na watoto wameolewa na kuoa. Alikuwa mama wa kanisani, mwimbaji wa kwaya, mwanamke asiye na mchezo. Kwa hadithi hakuwa na mpinzani kijiji kizima.

Tulifika mchana. Heriel akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibuni, karibuni ndani," akatutilia maziwa ya mgando na ndizi za kuchoma. Tulipomweleza tulichofuata, alinyanyuka akaenda kufunga mlango wa jiko unaotazama mlimani. Kisha akarudi, akakaa, akasimulia.

Zamani, alisema, alikuwepo mwindaji mmoja ambaye jina lake halitajwi. Nyati dume aliua watu kwenye njia ya maji mpaka wanawake wakakataa kwenda mtoni, ndipo mwindaji huyo akamfuata peke yake na kumwua. Watu wakampenda kupita kiasi. Mtoto akizaliwa analetwa kwake amshike, na mtu akigombana na mwenzake wanakwenda kwake awaamue. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, naye siku moja alikwenda msituni kutafuta mizinga, ukungu ukashuka, hakurudi. Mwindaji akasema, "Niliyemshinda nyati nitashindwa na moshi wa mlima?" Wazee wakamwonya. Akapanda mpaka mahali kijito kinapoingia chini ya ardhi na kupotea, akasimama pale, akaita jina la mdogo wake.

"Akaitikiwa," Shangazi alisema. "Sauti ikasema, niko hapa. Ilikuwa kama iko nyuma ya mti tu. Akaufikia mti, ikawa nyuma ya kilima. Akapanda kilima, ikawa ng'ambo ya korongo. Akaifuata mpaka akasahau kula, akasahau njia, akasahau uso wa aliyekuwa akimtafuta. Mwisho akasahau na jina lake. Akabaki sauti. Na mpaka leo yumo humo. Mtu yeyote akipaza jina ndani ya ukungu, jina lolote, yeye anadhani ni lake. Anaitika. Hana ubaya wowote, maskini. Anadhani amekuja kutafutwa."

Mimi, nakuambia kweli, nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga kichwani jinsi ya kuiandika. Shujaa, onyo, kiburi, anguko. Kila kitu kilikuwepo.

Heriel aliuliza, "Mama, hapo mahali ni wapi?"

Shangazi alimtazama. "Umefiwa na nani?"

Akamweleza. Hakueleza kwa urefu, na hakutoa chozi. Shangazi alimshika mkono, akampa pole kwa Kimeru na kwa Kiswahili, akakaa nao mkononi muda mrefu. Kisha akasema, "Hadithi hii nimewasimulia watoto wengi. Wote huuliza nyati alikuwa mkubwa kiasi gani. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza mahali. Sitakuambia, na nakuomba usimuulize mtu mwingine."

"Nimesikia, mama," Heriel alisema.

Lakini mwanangu, hakuhitaji kuuliza. Maji ya shamba la Shangazi yalikuja kwa mfereji, na mfereji unatoka kwenye kijito, na kijito ukikifuata kwenda juu utafika kinapotokea, na juu ya hapo kinapozama ardhini. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona amesimama kando ya mfereji ule, anayatazama maji yanakotoka.

Siku ya kuwasilisha kazi yetu Heriel hakuja darasani. Nilisimama peke yangu mbele ya wenzangu, karatasi mkononi, nikamwomba Mwalimu dakika chache, nikakimbia bwenini kwa wavulana. Zakaria, aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa anafua nje.

"Heriel yuko wapi?"

"Ameondoka mapema, kabla ya kifungua kinywa," alisema. "Nikamuuliza mbona amevaa lile koti jekundu, maana hajawahi kulivaa. Si unajua ni la marehemu mdogo wake? Akasema leo huko juu kutakuwa na baridi."

Nilitazama mlimani. Ilikuwa masika, na mlima wote ulikuwa umefunikwa na ukungu mpaka kwenye mashamba. Nilirudi darasani nikamwambia Mwalimu maneno machache tu. Alivua miwani. "Nenda kwa shangazi yako," alisema. "Mimi napita kuwaarifu watu wa hifadhi. Nenda sasa hivi."

Nikapata pikapu iliyokuwa inarudi kutoka kupeleka maziwa, dereva akaniacha panapokwisha barabara ya gari, nikapanda kwa miguu nikihema. Shangazi alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilipomtajia koti jekundu, panga lilimponyoka mkononi.

"Amepita hapa," alisema. "Aliniamkia kutoka kule mferejini, nikaitikia. Nikadhani anakwenda kwa jirani. Jamani, niliitikia nikaendelea na majani!"

Alimwita jirani yake, Baba Anaeli, mzee wa makamo aliyewahi kufuga nyuki msituni na kuijua njia. Shangazi akachukua jembe lisilo na mpini na jiwe moja, akavitia kwenye mfuko wa kiroba. Sikumuuliza vya nini. Kabla hatujaingia kwenye miti alinishika bega.

"Sikiliza vizuri. Humu ndani hutaji jina la mtu. La kwake, la kwangu, la mtu yeyote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Tukaufuata mfereji, kisha kijito. Msitu wa mlima wetu unaujua ukiwa na jua, mbega wakirukaruka na ndege wakipiga kelele. Siku ile haukuwa na sauti. Miti ilikuwa na manyoya ya kijani yaliyoning'inia kama ndevu, maji yakidondoka kutoka kwenye ncha zake, na ukungu ulikuwa mzito hata mgongo wa Baba Anaeli, aliyekuwa mbele yangu tu, ulikuwa ukipotea na kurudi. Nilijisemea kwamba ni mawingu. Nilisoma jiografia, najua mawingu ni nini.

Ndipo tukamsikia Heriel.

"Onesmo-o!"

Ilitoka juu, upande wa kulia. Ilikuwa sauti iliyokauka, ya mtu aliyeita muda mrefu. Nilishusha pumzi kwa furaha, yu hai. Nikafungua mdomo, Shangazi akaufunika kwa kiganja.

Na kutoka mahali pengine, mbali zaidi, chini zaidi, kama kwenye tumbo la korongo, sauti ikajibu: "Niko hapa."

Haikuwa ya kutisha, mwanangu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu mvumilivu anayeitika jina lake kwenye foleni. Ilikuwa na shukrani ndani yake. Baba Anaeli alisimama pale pale alipokuwa. Heriel akaita tena, sauti ikaitika tena, na safari hii Heriel akajibu, "Nakuja!" Tukasikia mawe yakiporomoka.

Shangazi akapiga magoti. Akatoa jembe na jiwe, akaanza kugonga. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Chuma kile kililia msituni kama kengele ya kanisa, kama wanavyogonga kijijini kuwaita watu kwenye kazi ya mfereji. Aligonga bila kupumzika, machozi yakimtoka, mpaka vidole vikaanza kutoka damu. Baba Anaeli na mimi tukakimbia kuelekea kule tulikosikia mawe.

Tulimkuta ameketi kwenye ukingo wa korongo, miguu imening'inia, kiatu kimoja hakipo. Koti jekundu lilikuwa limelowa likawa jeusi. Mbele yake palikuwa peupe tupu. Alitugeukia taratibu, kama tumemwamsha.

"Nani anagonga?" aliuliza. "Nyamazeni kidogo. Yuko hapo chini, ananiambia niteremke, lakini hicho chuma kinanizuia nisisikie vizuri."

Baba Anaeli alimkamata kwapani kwa nyuma akamvuta kama mtu anavyovuta gogo, wakaanguka wote wawili juu ya majani. Heriel alipigana. Alimpiga mzee yule ngumi za kifua, akilia, "Ameitika! Umesikia mwenyewe ameitika!" Na mzee akawa anasema tu, "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia. Nimesikia," bila kumwachia.

Shangazi akafika, jembe mkononi. Nilitegemea atamkumbatia. Badala yake alisimama mbele yake akasema kwa sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ulikuja kwangu ukanywa maziwa yangu ukasikiliza hadithi yangu. Umesoma hadithi za dunia nzima. Hebu niambie, yule mwindaji alikuwa na mama?"

Heriel alimtazama bila kuelewa.

"Nauliza alikuwa na mama?"

"Sijui, mama."

"Hujui kwa sababu hukuuliza. Hakuna anayeuliza! Mnataka kujua alikokwenda. Alikuwa na mama, na mama huyo alipoteza mtoto mmoja kwa ukungu na wa pili kwa kiburi. Wale watu waliompenda walikuja kwake siku chache, wakachoka, wakaenda zao. Mke wa yule mdogo aliachwa na mimba. Yule bibi alilea mjukuu kwa mikono ambayo haikuweza tena kushika jembe. Kila ukungu uliposhuka alikuja mpaka ukingo wa msitu, akasikia mwanawe akiitika, na hakuingia. Alijiziba masikio akarudi kumpikia mtoto uji. Mimi ni wa uzao wa mtoto huyo. Sasa niambie shujaa wa hadithi ni nani."

Heriel alianza kutetemeka kwa baridi, nikamvua lile koti lililolowa nikamfunika khanga yangu.

Wakati wa kushuka Shangazi alituweka katikati, Baba Anaeli mbele, yeye nyuma, tukashikana mikono kama watoto. Tulikuwa tumekwisha kuuona mwanga wa mashamba mbele yetu. Hapo nikasikia nyuma yangu, kwa upole, sauti ile ikiita.

"Eliatosha."

Hakuna aliyelitaja jina langu msituni siku ile. Nilitaka kugeuka. Si kwa hofu. Nilitaka kugeuka kama unavyotaka kunywa maji ukiwa na kiu. Shangazi aliniminya mkono mpaka mfupa ukaniuma, akaninong'oneza, "Tembea. Tembea tu, mwanangu. Usiitike." Nikatembea.

Baadaye watu wa hifadhi walitueleza kwamba korongo lile linarudisha sauti vibaya, na kwamba ukungu unachezea masikio. Inawezekana. Ni watu waliosomea kazi yao, sina sababu ya kubishana nao. Lakini sisi wanne tulipokaa jikoni kwa Shangazi tukiota moto, tulijaribu kukumbuka ile sauti ilisema nini. Baba Anaeli akasema iliitika kwa Kimeru cha zamani, kama cha babu yake. Mimi niliisikia kwa Kiswahili. Heriel akatutazama akasema, "Mbona ilikuwa Kichaga cha kwetu?" Shangazi alichochea moto.

Hakukubali Heriel alale pale wala arudi chuoni. Alisema siku hiyo hiyo kabla jua halijazama mama yake lazima amwone. Tulifika Sombetini tukiwa na matope mpaka magotini. Mama Heriel alikuwa anaanua nguo. Alimwona mwanawe, akaliona na lile koti jekundu mkononi mwangu, akaelewa kabla hatujasema kitu. Nguo zikaanguka chini.

Shangazi alimwamkia, akajitambulisha, akamweleza yote waziwazi, bila kulainisha. Yule mama alisikiliza amesimama. Kisha akamgeukia Heriel.

"Tangu tumzike, nimekuwa nikinyamaza kwa ajili yako," alisema. "Nilidhani mimi nikilia, wewe utavunjika."

Heriel alisema, "Na mimi mama, nilikuwa nakunyamazia wewe."

Basi wakalia. Mwanangu, sijawahi kusikia kilio cha namna ile. Kilikuwa cha mwaka mzima. Majirani walikuja mbio, wengine na sufuria mkononi, wakiuliza, "Kuna msiba? Nani amefariki?" Shangazi Miriamu akasimama mlangoni akawaambia, "Msiba upo. Ingieni mkae." Nao wakaingia, wakakaa, wakaimba mpaka giza lilipoingia, bila kuuliza zaidi.

Onesmo hakupatikana mpaka leo. Heriel alirudi darasani baada ya muda, akawasilisha kazi yetu, na hakusema hata sentensi moja juu ya nyati. Alizungumza juu ya mama aliyesimama ukingoni mwa msitu. Alipomaliza, Mwalimu Lomayani akasema kipindi kimekwisha, ingawa kilikuwa hakijafika nusu. Heriel amekuwa mwalimu huko Singida, kwenye nchi tambarare isiyo na ukungu. Alimtunza mama yake mpaka alipozikwa kwa uzee, karibu na ule mgomba uliozikwa kihambani. Shangazi naye ametangulia. Shamba lake analilima binamu yangu, na nimemwomba asiruhusu watoto kucheza juu ya mfereji wakati wa masika. Ananicheka, lakini hawaruhusu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Isome kozi hiyo, na uisome kwa moyo wote. Utakutana na mashujaa wanaopendeza sana, na yupo mmoja atakayefanana na jeraha lako. Kila mtu analo. Huyo ndiye wa kumwangalia kwa makini, maana atakuita kwa sauti ya mtu unayemjua. Unapomsoma, msimamishe njiani uulize: nyumbani kwake kamwacha nani? Nani atachota maji kesho? Ukikuta kitabu kimewanyamazia hao, kaa nao wewe kidogo, kwa sababu wazee wa kale hawakuwaigizia watu tanzia ili vijana wamfuate anayeanguka. Waliuweka mji mzima uketi pamoja ulie, kisha urudi nyumbani pamoja. Na kama una msiba ndani yako ambao hujaulilia, usiupeleke maktaba peke yako. Uje nao hapa kwangu, au umpelekee mama yako, hata kama unadhani unamhurumia kwa kunyamaza.

Mungu wa babu zako na wa kanisa lako akupe macho ya kusoma mbali na miguu ya kurudi karibu. Akupe walimu watakaovua miwani wakisikia kwamba umepotea. Akujalie marafiki wasio na aibu ya kukukimbilia. Na kila utakapofunga kitabu, akukute ukiwa na mtu wa kumpikia chai. Amina, mwanangu. Nenda kasome.